Kitenzi "Kufeli": Kilikotoka, Maana Yake na Matumizi Yake



Hapana neno linalotamkwa kwa haraka zaidi siku ya matokeo ya mtihani kuliko neno "kufeli". Zamani matokeo yalibandikwa ubaoni, leo husomwa kwenye simu, lakini neno ni lile lile. Kwa kijana wa kisiwani Fundo, habari huweza kuvuka mkondo kutoka Wete kabla ya yeye mwenyewe hajateremka chomboni: "Fulani kafeli." Maneno mawili tu, na shauri limekwisha.

Ajabu ni kwamba neno hili zito ni geni katika lugha yetu, tena umri wake ni mdogo. Katika makala haya nakusudia kueleza lilikotoka, lilivyofika kwetu na namna tunavyolitumia. Naamini kwamba tunalitumia kupita mipaka yake, na wapo ndugu zetu ambao matumizi hayo yamewagharimu.

SAFARI YA NENO HUKO ULAYA

"Kufeli" limetokana na kitenzi cha Kiingereza "fail". Waingereza nao hawakulizua. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa ndicho kilichosikika mahakamani na katika majumba ya wakubwa. Maneno mengi ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza, kama vile maneno ya Kiarabu yalivyoingia katika Kiswahili. Mojawapo lilikuwa "faillir", ambalo lilianza kutumika Uingereza katika karne ya 13.

Kifaransa nacho kilikuwa kimelirithi kutoka Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Huko mzizi wake ni kitenzi "fallere", na maana yake ni kudanganya au kuhadaa. Ndiyo maana Kiingereza kina maneno mengine ya ukoo huo huo, kama "false", yaani cha uongo, na "fault", yaani kasoro.

Msomaji atauliza: kudanganya na kufeli vinakutana wapi? Jibu ni jepesi kwa mtu yeyote aliyewahi kutegemea kamba mbovu. Mvuvi anaifunga nanga kwa kamba akiamini itashika, usiku kamba inakatika. Kamba hiyo imemhadaa. Kitu ulichokitegemea kisipokufaa saa ya haja, basi kimekudanganya. Kutoka hapo maana ikasogea kidogo kidogo: kutofaa, kupunguka, kutotosha, kukosekana.

Kwa karne nyingi kitenzi hiki kilisemwa zaidi juu ya vitu na nguvu kuliko juu ya watu. Mpaka leo Waingereza hukitumia hivyo kwa mvua isiyonyesha, kwa mavuno yaliyopotea, kwa macho ya mzee yanayofifia, na kwa mashine iliyokataa kuwaka. Katika matumizi hayo yote hapana hukumu juu ya akili ya mtu wala tabia yake. Kilichokuwa kikitarajiwa hakikupatikana, basi.

Maana ya kushindwa mtihani ilikuja baadaye, kwa kuwa mitihani yenyewe ya maandishi kwa watoto wa skuli ilichelewa kuja. Chuo Kikuu cha Cambridge kiliunda bodi yake ya kuwatahini wanafunzi wa skuli mwaka 1858, na miaka michache tu baadaye karatasi zake zilikuwa zikisafirishwa ng'ambo, kwa kuanzia na kisiwa cha Trinidad. Kila karatasi ilikofika, kitenzi kilifuatana nayo.

Huko India chini ya Waingereza kulitokea jambo la kuchekesha, nalo lina mafunzo. Wapo watu waliosoma mpaka wakaukalia mtihani wa shahada ya kwanza na wasiufuzu, kisha wakaandika kwenye barua zao za kuomba kazi, na hata kwenye kadi zao, kuwa wao ni "B.A., failed". Hawakuona haya, na walikuwa na hoja. Walitaka mwajiri ajue kwamba wamefika mpaka mlango wa mwisho, jambo ambalo wengi hawakulipata. Kwao neno hili lilieleza umbali waliokwenda.

LILIVYOINGIA KWETU

Kiswahili kililipokea neno hili kwa sikio, si kwa jicho, na ushahidi uko katika umbo lenyewe. Lau waliolichukua wangelisoma kitabuni, wangeliona herufi f-a-i-l na kulitamka "faili". Lakini "faili" ni kitu kingine kabisa, ni lile jalada la ofisini, lililotokana na neno jingine la Kiingereza. Wazee wetu waliyasikia maneno hayo mawili kutoka vinywani mwa walimu na makarani, wakayatenganisha barabara: la jalada likawa "faili", la mtihani likawa "feli".

Tena walifuata kanuni moja bila ya kufundishwa na mtu. Sauti ile ya Kiingereza imegeuzwa "e" katika maneno mengi yaliyoingia zama hizo: "rail" ikawa reli, "jail" ikawa jela, na "mail" ikawa meli. Hili la mwisho lina historia yake. Merikebu za moshi zilizoanza kufika Unguja kwa ratiba mwaka 1872 zilichukua barua, na jina la barua likahamia kwenye chombo chenyewe. Basi feli ni jamaa wa reli, meli na jela. Yote manne ni maneno ya zama za Mwingereza.

Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Idara ya Elimu ya serikali ilianzishwa mwaka 1907, na skuli zake zikaja na msamiati wake. Hata jina "skuli" tulilolizoea sisi ni la Kiingereza. Ndugu zetu wa Bara, ambao walitawaliwa kwanza na Wajerumani, husema "shule", na hilo ni neno la Kijerumani. Pamoja na skuli yakaja fomu, ripoti, kupasi na kufeli. "Kupasi" nalo lina asili ya Kilatini. Mzizi wake ni hatua ya mguu, kwa hiyo aliyepasi ni mtu aliyepiga hatua akavuka.

Katika miaka hiyo waliofika mbele ya karatasi ya Cambridge hapa Visiwani walikuwa wachache, na waliovuka kwenda Makerere kule Uganda walikuwa wachache zaidi. Kwa hiyo kitenzi hiki kilikuwa cha watu wa mjini. Baada ya Mapinduzi ya 1964, elimu ilitangazwa kuwa bila ya malipo tarehe 23 Septemba mwaka huo huo, na milango ya skuli ikafunguka kwa watoto wa wakulima na wavuvi. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa. Mitihani ikawa yetu wenyewe, watahiniwa wakawa maelfu kwa maelfu, na kitenzi kikaingia kila kijiji.

TULISEMAJE KABLA YAKE?

Elimu haikuanza kwetu mwaka 1907. Kabla ya skuli palikuwa na chuo, na watoto wa Pemba, wa Fundo na wa visiwa jirani vya Njao na Uvinje, walisoma Kurani kwa mwalimu. Mpango wa masomo ya chuoni ulikuwa tofauti. Mtoto asiyeijua aya yake leo aliirejea kesho, na asipoijua kesho aliirejea kesho kutwa. Bakora zilikuwapo, sisemi hazikuwapo. Lakini hapakuwa na siku moja katika mwaka ambapo mwalimu aliwagawa watoto mafungu mawili, hawa waendelee na wale warudi kwao moja kwa moja. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake mpaka akahitimu, na "kuhitimu" asili yake ni kufikisha mwisho, yaani kukhitimisha msahafu. Aliyetumia miaka miwili na aliyetumia miaka mitano wote walihitimu.

Kadhalika Kiswahili kilikwisha kuwa na neno "feli" kabla ya Mwingereza kuja. Feli hiyo ni ya Kiarabu, na maana yake ni tendo, aghalabu tendo lisilopendeza. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inayo. Mtu aliyekamatwa katika feli amekamatwa katika tendo lenyewe. Na wale waliosoma nahau ya Kiarabu wanajua kwamba neno hilo hilo ndilo jina la kitenzi katika sarufi ya lugha hiyo. Feli hizi mbili hazina udugu, zimekutana kwa bahati tu ndani ya Kiswahili. Hata hivyo feli ya Kiarabu inatukumbusha jambo tunalolisahau katika ile ya Kiingereza: feli ni tendo, na tendo si mtu.

Tulikuwa pia na "kukosa" na "kushindwa". Aliyekosa amelenga, shabaha ikamponyoka, naye anaweza kulenga tena. Aliyeshindwa ameshindana, na mwenye kushindana anayo heshima yake. Maneno haya yangalipo, na yanafaa.

WENGINE HUSEMAJE?

Tukitazama lugha za watu wengine tutaona kila moja imelifananisha jambo hili na kitu kinachoonekana kwa macho. Kenya husikika "kuanguka mtihani", na anayeanguka huinuka. Ndugu zetu walioko Oman, ambao wengi wao wana asili ya Unguja na Pemba, huwasikia watoto wao wakitumia kitenzi cha Kiarabu "rasaba", maana yake kuzama chini na kutulia, kama mchanga unavyotulia chini ya mtungi wa maji.

Ila mfano unaotuhusu zaidi sisi watu wa pwani umo katika Kifaransa, lugha ya skuli za Kongo. Wafaransa husema "échouer". Kitenzi hicho kina maana mbili: mtu kushindwa mtihani, na chombo kupanda mwamba au mchanga kikakwama.

Hili ni jambo tunalolijua bila ya kwenda Ufaransa. Baina ya Fundo na Wete maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita tatu. Nahodha akichelewa kuondoka, au asipoijua njia ya mkondo, mashua hukaa mchangani. Kiswahili kina kitenzi chake cha hali hiyo, nacho ni kitenzi kizuri mno: "kupwelewa". Mashua imepwelewa. Wahenga hawakuishia kwenye mashua, walikitumia pia kwa mtu aliyekwama asijue la kufanya.

Sasa natazame msomaji jinsi kitenzi hicho kinavyoeleza mambo. Mashua iliyopwelewa haijavunjika. Mbao zake nzima, tanga lake zima, nahodha wake ni yule yule. Kilichopungua ni maji chini yake. Watu wa chombo hicho hawapigi mayowe wala hawakitupi. Hukiegemeza vizuri kisilale ubavu, hutazama kama pana ubao wa kuziba kalafati, hula walichonacho, na hungoja. Baada ya saa sita hivi maji huwa yamerudi, na safari huendelea. Aliyepwelewa mara moja hujifunza saa za maji kuliko yule aliyevuka kwa bahati.

KASORO YA MATUMIZI YETU

Nimesema kwamba tunalitumia neno hili kupita mipaka yake. Sasa nieleze.

Katika Kiswahili kiambishi "-li-" hueleza jambo lililotokea likapita, na kiambishi "-me-" hueleza jambo lililotokea na hali yake ingalipo. Tukisema "alilala", huenda sasa yu macho. Tukisema "amelala", tunyamaze, yu usingizini. Sisi wa Pemba mara nyingi huiweka hali hiyo kwa "ka-": kalala, kachoka, kafeli. Basi siku ya matokeo ni sawa kusema "kafeli", kwa maana jambo ni la leo. Lakini utamsikia mtu akimwonesha mwenzake mwenye ndevu za mvi, mwenye mashua yake na wajukuu wake, na akanong'ona: "Yule kafeli Fomu Foo." Mtihani wenyewe ulipita miaka thelathini nyuma, walioutunga wamestaafu, karatasi zimeliwa na mchwa, lakini kitenzi bado kimo katika "ka-". Hapo sarufi yetu imemfunga mtu katika siku moja ya maisha yake. Ilipasa kusemwa "alifeli", na ilipasa kutajwa kitu alichokifeli: alifeli mtihani wa mwaka ule. Tendo lina mwaka wake na lina karatasi yake.

Tena mtihani wenyewe si kipimo kisichotikisika. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Tanzania walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Serikali ikaunda tume chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na matokeo yale yakafutwa ili alama zipangwe upya. Yalipotoka tena mwezi wa Mei mwaka huo huo, maelfu ya vijana waliokuwa wamefeli mwezi wa Februari wakawa wamefaulu. Vijana ni wale wale, majibu ni yale yale waliyoyaandika, hata wino haukuongezwa. Kilichobadilika ni namna ya kupanga alama. Kwa miezi mitatu watoto hao walikwisha kuitwa jina, na pengine wapo waliokwisha kuuza vitabu vyao.

Lipo na jambo la lugha. Mitihani mingi ya sekondari huandikwa kwa Kiingereza. Yupo kijana anayeweza kukueleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini maji hujaa na kupwa, mwezi unavyoyavuta na jua linavyousaidia siku za bamvua. Mpe swali hilo hilo kwa Kiingereza na kalamu inasita. Akiandikiwa kwamba amefeli, je, ni sayansi aliyoifeli au ni lugha? Karatasi ya matokeo haituambii. Sisemi kwamba mitihani ifutwe, la hasha. Nchi haiwezi kuwapata madaktari na wahandisi bila ya kuwapima. Wala sisemi kwamba mvivu asionywe. Nasema kipimo kiitwe kipimo, na kisigeuzwe kuwa jina la mtu.

WALIOSOMA NA WALIOFAULU

Namalizia kwa jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Katika mikutano yetu ya waliosoma pamoja, hebu tuhesabu ni nani wanaokuja. Wanakuja walimu, maofisa, madaktari, wafanyabiashara, na wageni kutoka ng'ambo. Lakini darasa lilikuwa na madawati mengi kuliko viti tunavyovijaza siku hiyo. Wako wapi wale tuliokaa nao, waliotuazima wino, waliotubeba katika mpira, waliokuwa wakituchekesha mpaka mwalimu naye anacheka? Wengi wao hawako mbali. Wako Wete, wako Fundo, wako madagoni na mashambani. Hawaji kwa sababu wanadhani mkutano ni wa waliofaulu. Hakuna aliyewafukuza, ni kitenzi tu, na sisi ndio tunaokiendeleza katika "ka-".

Kila mmoja wetu amtafute mwenzake mmoja wa namna hiyo kabla ya mkutano ujao, amwendee kwa miguu yake, na amwambie kwamba nafasi yake ipo. Na nyinyi vijana mlioko skuli sasa, someni kwa bidii, durusuni, fuzuni. Lakini matokeo yakitoka na mwenzenu hakuvuka, msimpe jina. Semeni kapwelewa, mkae naye mpaka maji yajae, mumsaidie kuusukuma mtumbwi wake. Huenda kesho mkawa nyinyi mnaohitaji mabega yake.

Mwenzetu huyo naye alisoma. Jarida hili ni la waliosoma, na hilo ndilo sharti pekee la kuwamo humu.